Jina kwa Rangi Nyekundu

Mara ya kwanza nilifeli mtihani wa ukaguzi wa uchomeleaji kwa sababu ya kiburi, na nasema waziwazi kwa kuwa mume wangu ameshawatangazia watu wa kisiwa kizima cha Geoje. Walituwekea mezani vipande vya plastiki vilivyofinyangwa mfano wa mishono ya chuma, kila kimoja na kasoro zake, wakatugawia na kipimo kidogo cha mkononi. Mimi kipimo nikakiweka kando. Miaka kumi na tisa nimechomelea matumbo ya meli, nipime nini? Nikatazama kwa macho, nikaandika. Majibu yalipotoka, karibu kila kina nilichokikadiria kilikuwa kimezidi au kimepungua nusu milimita, na nusu milimita ndiyo mtihani wenyewe.

Mara ya pili nilipima kila kitu mara tatu. Kengele ikalia nikiwa na maswali kumi na mawili sijayagusa. Nilirudi kwa basi kutoka Busan, mji wa mtihani, nimegeukia dirishani, nalia kwa hasira, na mama mmoja wa pembeni akanipa chungwa akidhani nimefiwa.

Sikuwa na pengine pa kwenda. Daktari alitundika picha ya shingo yangu kwenye taa, akanionyesha pingili mbili zilizosagana, akasema barakoa ya kuchomelea basi, mama, na kutambaa chini ya vyuma basi. Ukiondoa ukaguzi, kazi iliyobaki kwa mwanamke wa miaka arobaini na sita asiyejua kingine ila chuma ilikuwa kuosha vyombo kwenye mgahawa wa supu ya nguruwe wa wifi yangu, ambaye alishanitengea aproni na kuitundika msumarini. Kila nilipopita pale niliiona. Aproni ile ndiyo iliyonisomesha.

Aliyenicheka kuliko wote ni Fundi Ban Chil-seong. Ndiye aliyenifundisha kuchomelea nilipokuwa sijui hata kushika rodi, na sasa, akiwa na miaka sitini na tatu, bado alikuwa anachomelea kwenye kiwanda kidogo kinachowatengenezea wenye viwanda vikubwa vipande vya meli.

"Profesa anasoma nini leo?" aliuliza kila alipopita kwangu jioni.

"Nyufa, Fundi."

"Nyufa zinasomwa? Ufa unauona, unautukana, unauchimba. Kwisha."

"Kwenye mtihani hawaruhusu kutukana."

"Ndiyo maana unafeli."

Lakini baada ya mara ya pili alikuja na mfuko wa mchele mabegani, ukigongana kwa ndani. Alikuwa amenichomelea vipande ishirini na vinne vya chuma chakavu, vyote vibovu kwa makusudi: hiki kina matundu, hiki kimeliwa pembeni, hiki chuma hakikushikana. Nikamwambia ahsante, akakunja uso. "Ukimaliza nirudishie vyote, nivitupe mwenyewe. Mtu asije akaona nimefanya uchafu huu." Nilivipima miezi minne, hadi nikawa najua kasoro ya kila kimoja kwa kupapasa. Mara ya tatu nilifaulu.

Ningependa kusema mambo yalinyooka. Wapi! Nilipiga simu kwa makampuni kumi na moja.

"Una uzoefu wa ukaguzi?"

"Nina miaka kumi na tisa ya kuchomelea."

"Nimeuliza ukaguzi, mama."

"Nitaupata wapi msiponiajiri?"

"Ukishaupata, tupigie."

Mmoja aliniambia wanataka mtu wa chini ya miaka arobaini. Mwingine, mwenye sauti ya mtoto wa juzi, aliuliza kama mume wangu ataniruhusu kusafiri. Nikamwambia mume wangu atafanya sherehe. Hakucheka, wala hakunipigia tena. Cheti kilikaa juu ya friji, kwenye fremu, na kila nilipotoa kabichi ya kimchi kilinitazama nikakiona kama dharau. Aproni nayo ilikuwa pale pale msumarini.

Mwishowe ni Fundi Ban aliyekwenda kwa meneja wao, Seol, kijana wa miaka thelathini na minne mwenye haraka ya kudumu, akamwambia anichukue. Nikachukuliwa kwa miezi mitatu ya majaribio. Nilivaa kofia nyeupe ya mkaguzi, nikajiangalia kwenye kioo cha choo cha kiwanda mpaka mtu akagonga mlango.

Sasa, kwenye viwanda vikubwa kila mchomeleaji ana namba, na namba haina moyo wala wajukuu. Pale kwa Seol walikuwa watu thelathini tu, wakitumia majina. Mtu akimaliza mshono anaandika jina lake pembeni kwa chaki. Mkaguzi akikuta kasoro, anachora mshale na kuandika jina la mhusika kwa kalamu ya rangi nyekundu. Nyekundu maana yake wapaka rangi wasiguse hapo. Chaki nyeupe ni vipimo tu, na wapaka rangi hupita juu yake bila kuitazama.

Jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa rangi nyekundu. Hilo kwetu hata mtoto wa chekechea anakatazwa. Nyekundu ni ya majina ya waliokufa. Seol alisema huo ni ushirikina wa bibi zetu, na kweli siku nane za mwanzo niliandika majina ya vijana watatu nikiwa nimebana meno, na wote walikuwa wazima, kila mmoja anakula chakula cha watu watatu.

Siku ya tisa nilipiga magoti chini ya kipande kirefu, nikamulika tochi, nikaona ufa. Mwembamba kama unywele, milimita arobaini, kwenye kona ambapo mtu asiyewahi kuchomelea asingetazama. Pembeni, kwa chaki, maandishi niliyoyajua vizuri: Ban Chil-seong.

Mwezi mmoja nyuma alikuwa amelazwa, wakamwekea kibomba kwenye mshipa wa moyo. Na siku hii ya tisa alikuwa kliniki kupimwa tena. Nilifungua kalamu nyekundu, nikaisogeza kwenye chuma. Mkono ukakataa. Nasema ukweli, ulikataa. Nikachukua chaki nyeupe, nikachora mshale na jina vyote kwa nyeupe, nikijiambia kesho asubuhi nitamwambia mwenyewe, ataurekebisha kimya kimya, na mimi ripoti nitaikabidhi baadaye.

Kesho asubuhi nilipofika, kipande kizima kilikuwa kimepakwa rangi ya kijivu, kizuri kama sufuria mpya. Wapaka rangi walikuwa wameitwa jioni kwa sababu Seol ana haraka, na nyekundu hawakuiona. Saa nane lori lingekuja kukichukua.

Nilisimama pale na ripoti mkononi. Ukurasa ule ungechanika kirahisi. Hakuna aliyejua. Ningebaki na kofia, Fundi angebaki na jina lake, na aproni ingebaki msumarini. Halafu nikafikiria kona ile ikiwa baharini, katikati ya mawimbi, na watu wamelala juu yake. Nilijichukia kwa kuwa nimefika mahali pa kufikiria mara mbili.

Seol alinisikiliza akiwa amesimama. "Chaki?" alisema. "Mama, umeandika kasoro kwa chaki?"

"Nimekosa, meneja."

"Lori saa nane! Nakwangua rangi, nachimba, nachomelea, napaka upya, lini? Kwa sababu ya hadithi za bibi yako?" Wafanyakazi waligeuka kutazama. "Leo umalizie hadi kengele. Kesho usije."

Fundi Ban alikuja akiifuta miwani yake. Nadhani alishasikia yote, kwa sababu sauti ya Seol inafika gatini. Alichukua msasa, akakwangua rangi mwenyewe, akainama kwa taabu.

"Wapi?"

Nikamwonyesha. Alipapasa kwa ukucha.

"Ni ufa," alisema.

"Ni ufa, Fundi."

"Na uliuona jana."

"Niliuona. Nilikuogopea. Moyo wako..."

"Moyo wangu umekuomba msaada?" Sikuwahi kumwona amekasirika namna ile, hata nilipounguza kebo ya mashine mwaka wangu wa kwanza. "Nimekaa nikiharibu chuma, vipande ishirini na vinne, mimi, ili ujifunze kuona. Halafu umeona, umefunika! Uliniogopea mimi, au ulijihurumia wewe?"

Alinyoosha kiganja. "Lete hiyo kalamu."

"Fundi, usi..."

"Lete."

Akaandika jina lake kwa mkono wake, herufi kubwa, nyekundu, juu ya chuma kilichokwanguliwa, akachora na mshale. Vijana waliokuwa karibu waliinamisha vichwa. Kisha akavuta grenda, akauchimba ufa, akashusha barakoa, na kuchomelea. Mimi nilikaa pembeni, shingo inaniuma, nikihesabu kampuni ambazo sijazipigia. Zilikuwa mbili.

Lori lilikuja, likasubiri, dereva akalala. Seol alipita mara tano akitazama saa. Ilikuwa imebaki dakika kama ishirini kufika kengele ya kutoka Fundi alipoinua barakoa.

"Mkaguzi!" aliita.

Niligeuka kuona nani anaitwa. Tangu nianze kusoma alikuwa hajaniita kingine ila Profesa.

"Mkaguzi, nakuita wewe! Au umeshahama?"

Nilipiga magoti, nikamulika, nikaweka kipimo. Mshono ulikuwa safi, umelala vizuri, kazi ya mtu aliyeanza kuchomelea kabla sijajua kusoma. Nikapapasa hadi mwisho. Pale mwisho kabisa palikuwa na tundu moja, dogo, milimita mbili. Kitabu cha ukaguzi kinaruhusu moja na nusu.

Nilipima tena. Milimita mbili.

"Vipi?" Seol aliuliza kutoka nyuma. "Imepita, siyo? Niambie imepita."

Fundi Ban alikuwa ananitazama mkono, si uso.

Nilifungua kalamu nyekundu. Nilichora mshale, nikaandika Ban Chil-seong, herufi kwa herufi, na safari hii mkono haukukataa.

"Haijapita," nikasema.

Seol alitoa tusi akaenda kumwamsha dereva. Fundi Ban aliinama, akaliangalia lile tundu, akalitukana yeye pia, kisha akashusha barakoa na kuwasha grenda. Kengele ya kutoka ikalia. Nilibaki nimepiga magoti, nikisubiri chuma kipoe nipime tena.