Nepi za Laini ya Tatu

Asubuhi ya Jumanne moja, mwezi wa saba mwaka 1953, Mbuke alimlaza mwanawe kitandani, akamvua kaptula ya mpira, akafungua pini mbili za nepi, kisha akageuka kuchukua nepi kavu kwenye kamba iliyokatiza chumba. Nepi kavu haikuwapo. Zilikuwapo tatu zenye ule unyevu wa nguo iliyoanikwa ndani, zimekakamaa kwa sabuni ambayo haikusuuzwa ikaisha. Alichagua iliyokuwa na nafuu. Alipogeuka tena, Mihayo alikuwa ameinuka shubiri moja juu ya shuka, amelala chali hewani, analia.

Mbuke alimshika mguu akamshusha. Alichokitazama kwa uchungu si ile shubiri bali mapaja. Ngozi ya kwenye mikunjo ilikuwa nyekundu, inang'aa kama imepakwa mafuta, na kandokando ya ule wekundu vilitapakaa vipele vidogo vidogo, kila kimoja peke yake. Mtoto alikuwa na miezi mitano. Kila alipokojoa alipiga kelele ya mtu mzima.

Mumewe, Nkwabi, alikuwa mlangoni akifunga viatu vya kwendea zamu.

"Ameanza lini kupaa?" aliuliza.

"Leo, Baba Mihayo."

"Na huo wekundu?"

"Wiki ya pili hii."

"Basi tuanze na wekundu," alisema Nkwabi. Akambusu mtoto, ambaye kwa wakati huo alikuwa amemfikia kifuani, akaenda zake kazini.

Kambi ilikuwa ya mgodi wa Nyakasaka, nusu siku ya mwendo kutoka Geita. Wenye familia waliishi Laini ya Tatu, nyumba ishirini za matofali zilizopakwa chokaa, na nyuma ya kila nyumba lilipita bomba nene la chuma. Bomba lile lilipeleka maji kwenye kinu cha kusagia mawe, mchana na usiku, na mtu aliyelala karibu na ukuta aliyasikia yakipita kichwani pake. Halikuwa na koki hata moja. Maji ya kambi yaligawiwa kilimani kila alfajiri, debe moja kwa nyumba, na debe hilo lilikuwa la kunywa, la kupikia, la kuogea na la kufulia.

Memsahibu wa kliniki, mwanamke mwenye bidii kupita kiasi, alikuwa ameleta amri ya nepi mwaka uliotangulia. Aliwaona watoto wa Kisukuma wakibebwa mgongoni matako wazi, akaona ni aibu kwa kampuni. Tangu hapo kila mtoto alipewa nepi nne na kaptula ya mpira. Aliyekutwa wazi, mama yake hakupewa maziwa ya kopo wala chumvi, na akikutwa mara ya tatu familia ilinyang'anywa nyumba. Marselino, mnyapara wa kambi, alipita saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, akiinua kanga za watu kwa fimbo na kuandika.

Nepi nne na debe moja. Yeyote aliyewahi kulea mtoto anajua hesabu hiyo inaishia wapi, lakini memsahibu hakuwahi kulea.

Siku ile ile Mwamvua alipiga hodi. Alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mwenyeji wa Ujiji, na aliwapikia maandazi watu wa zamu ya alfajiri. Binti yake mwenyewe alikuwa juu ya kabati tangu Jumapili. Alimpokea Mihayo kutoka hewani, akamfungua, akanusa nepi, akacheka kwa huzuni.

"Hamira hii, Mama Mihayo. Naikanda kila siku ya Mungu, nitaachaje kuijua? Inataka joto, inataka unyevu, inataka kufunikwa gubigubi. Sasa wewe umemnyunyizia nini?"

Mbuke alimwonyesha bakuli la unga. Kwa wiki nzima alikuwa akimpaka unga wa posho ili ngozi ikauke. Laini nzima walifanya hivyo, kwa sababu unga ulitolewa kila Jumamosi na poda haikutolewa.

"Unga!" alisema Mwamvua. "Yaani umeikaribisha halafu ukaiandalia na chakula. Na mimi nilifanya hivyo hivyo, tena mimi mpika maandazi. Nikiwaza natamani kujichapa."

Mbuke aliufuta unga wote kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kikombe kimoja alichokitoa kwenye maji ya ugali. Jioni mtoto alifika usawa wa dirisha. Usiku hakulala, na mama hakulala. Kinu kilisaga, bomba lilipitisha maji, na Mbuke alizunguka chumbani kutoka ukuta hadi ukuta, ameshika kamba ya katani iliyofungwa kwenye kifundo cha mtoto, akiona kwamba akikaa kitako atapasuka.

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki. Akina mama kumi na mmoja walipanga foleni, watoto wao wakielea juu yao kwa kamba fupi na ndefu. Mizani haikusoma kitu. Memsahibu aliigonga, akaifuta, akamweka tena mtoto wa kwanza, na mshale ukabaki ulipokuwa. Jambo hilo lilimkera sana, kwa sababu kitabu cha uzito kilikuwa kinangojwa makao makuu. Baada ya kufikiri aliagiza mawe kutoka kinuni. Kila mtoto alifungiwa jiwe moja ndani ya nepi, akatulia kwenye mizani, na uzito ukaandikwa.

"Mihayo Nkwabi, ratili kumi na nne," alisoma memsahibu. "Vizuri sana. Anakua."

Mawe yale yalipigwa namba kwa rangi nyeupe. Kwa kuwa yangeweza kuwa na dhahabu, askari aliwapekua akina mama walipotoka, na kila jiwe likarudi mahali pake.

Dresa wa kliniki, mhudumu wa kusafisha na kufunga vidonda, kijana mpole aliyeitwa Donatus, alimpaka Mihayo dawa ya zambarau kwenye mapaja na mikunjo yote. Akamfungua mdomo, akamwonyesha Mbuke utando mweupe kwenye ulimi na ndani ya mashavu.

"Haya si maziwa, mama. Maziwa yangefutika. Ugonjwa ni ule ule, juu na chini. Nitampaka na mdomoni kidogo, na wewe upake kwenye chuchu, la sivyo mtakuwa mnarudishiana." Alimpa kichupa, akaagiza dawa iendelee wiki mbili hata wekundu ukiisha, kisha akapunguza sauti, maana memsahibu hakuwa mbali. "Lakini dawa hii inapenda pakavu. Mwache wazi kadiri unavyoweza, apate hewa. Akikojoa tu, mbadilishe. Nepi zichemshwe, zisuuzwe mara tatu, zianikwe kwenye jua kali. Na hiyo kaptula ya mpira, kama ingekuwa mwanangu, ningeitupa."

"Mara tatu kwa maji gani, kaka?"

Donatus alimwita mtoto aliyefuata.

Mbuke alikwenda kwa memsahibu mwenyewe, akasema kwa adabu kwamba wanaomba debe la pili, au koki moja tu kwenye bomba, hata ikiwa ya kufunguliwa saa moja kwa siku. Memsahibu alimsikiliza mpaka mwisho. Alijibu kwamba maji ya bomba ni ya kinu, na kwamba debe moja linamtosha mwanamke anayejua kupanga kazi zake. Juu ya kichwa cha memsahibu Mihayo alikojoa ndani ya mpira, na hakuna kilichodondoka.

Jumatatu iliyofuata mtoto aligusa bati. Mbuke alipanda juu ya meza, na juu ya meza akaweka kigoda, akamnyonyesha akiwa ameinamisha shingo chini ya boriti. Alipoteremka alianza kufunga mzigo.

"Nampeleka kwetu, kwa mayu," alimwambia mumewe.

Nkwabi hakubisha. Alitafuta kamba imara zaidi.

Mbuke na mtoto walisafiri kwa lori la pamba, wakavuka kwa kivuko cha Busisi, wakapanda treni Mwanza. Ndani ya behewa Mihayo alikaa darini, karibu na taa, na abiria warefu walimsogeza kila treni ilipokata kona. Mkaguzi wa tiketi alimtazama, akauliza kama atatumia kiti. Alipoambiwa hapana akaendelea na behewa la pili. Walishuka Shinyanga, wakatembea kuelekea Kolandoto, na kabla ya kuifikia hospitali ya misheni wakakata kushoto hadi kwenye boma la mama yake Mbuke.

Bibi yule aliitwa Mageni. Alikuwa anakamua. Alimaliza titi alilokuwa ameshika, akanawa, akaivuta kamba mkono kwa mkono mpaka mjukuu akamfikia.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba, ng'wana wane. Umemfunga wa nini?"

"Asipae."

"Sisemi kamba. Nauliza huku chini. Kakosa nini mpaka afungwe hivi?"

Mbuke akaanza kulia. Alilia kwa sababu ya usiku wote ule na kwa sababu mama yake alikuwa ameuliza swali ambalo yeye hakuwahi kujiuliza. Mageni alimwacha alie. Akaivua kaptula ya mpira, akaitundika na nepi kwenye ua wa miiba, akamlaza mtoto uchi kwenye ngozi ya ng'ombe, chini ya wavu wa kukaushia dagaa alioukunja mara mbili na kuukandamiza kwa mawe pembeni. Jua la asubuhi lilimpiga matakoni. Alipokojoa alifutwa kwa maji ya lambo yaliyochemshwa yakapoa, bila sabuni, akaachwa akauke. Dawa ya zambarau waliendelea nayo, chini, mdomoni, na kwenye chuchu za Mbuke, mpaka ndama mmoja akawa na pua ya zambarau na hakuna aliyejua imefikaje.

Siku ya pili wavu ulilegea. Siku ya tatu waliuondoa. Siku ya tano vipele vilikuwa vimenyauka, ngozi imebaki na weusi mdogo, na Mbuke alipomwinua mwanawe mkono ulishuka kwa uzito wake. Alikuwa mzito. Mbuke alizunguka naye boma zima akimpakata, akimhamisha bega hili na lile, na furaha yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba alimpitia kila ng'ombe akimwonyesha. Wiki mbili wakaendelea na dawa, kama Donatus alivyoagiza, hata baada ya wekundu kuisha.

Kisha dereva wa lori akaleta salamu za Nkwabi. Nyumba za Laini ya Tatu zilikuwa za watu wenye familia. Mnyapara alikuwa ameandika kwamba nyumba yake haina mke wala mtoto, na mwisho wa mwezi angehamishiwa kwenye bweni la makapera, na posho ya familia ingekatwa. Nkwabi hakuamuru kitu. Aliuliza tu mtoto anaendeleaje.

Mbuke alilala siku moja zaidi kwa mama yake, kisha akarudi.

Getini alimkuta Marselino na meza mpya. Mnyapara alimtazama Mihayo, aliyekuwa mgongoni matako wazi, mzito, amelala. Alitoa nepi na kaptula ya mpira. Kando yake akaweka jiwe lenye namba tisa.

"Shikilia vizuri, Mama Mihayo. Siku hizi mawe mnakaa nayo nyumbani. Ila likipotea ni wizi wa dhahabu."

Mambo mengine yalikuwa yamebadilika. Kampuni ilikuwa imetandaza wavu wa waya juu ya nyua zote za laini, nguzo kwa nguzo, kazi safi ya mafundi wa mgodi, ili watoto wasipotee. Kila nyumba ilipewa kigoda kirefu cha kunyonyeshea. Debe lilikuwa moja.

Wekundu ulirudi siku ya nne. Siku ya sita Mihayo aliinuka na jiwe lake.

Lakini Mbuke alikuwa ameona kwao jinsi hewa inavyofanya, na alimweleza Mwamvua, na Mwamvua aliwaeleza wengine wakati wa kuuza maandazi. Saa nane mchana Marselino alikula na kulala. Kuanzia saa hiyo, Laini ya Tatu nzima walitoka uani, wakavua kaptula za mpira, wakafungua pini, wakayapanga mawe ukutani kwa namba. Watoto walianza kushuka, polepole, matako ya zambarau yakielekea jua. Hawakuwahi kufika chini. Muda haukutosha. Walifika usawa wa kifua, na mama aliweza kunyonyesha akiwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, bila kigoda, akihisi mkononi uzito mdogo kama wa kanga iliyokunjwa.

Saa tisa na nusu king'ora cha zamu kililia. Mbuke aliokota jiwe namba tisa, akachukua nepi mbichi, akamfunga mwanawe. Nyuma ya ukuta maji yalikuwa yanapita kwenda kinuni.