Lifti ya Nyumba Isiyo na Ghorofa

Jina lake halisi walilijua wachache. Wengine wote walimwita Fundi Lifti, naye aliitika kwa raha. Alikuwa na majengo ishirini na mawili mikononi mwake, na miaka kumi na minne ya kazi ilikuwa imemnoa masikio. Mlinzi akipiga simu na kusema tu, "Fundi, inakoroma," yeye alishajua ni breki au ni mota.

Sifa hizo zilimnogea, ila zilimla pia. Akiwa mezani, simu inaita. Akiwa anaoga, inaita. Na kila ilipoita alijibu neno moja: "Nakuja." Binti yake wa miaka saba, ambaye nyumbani walimwita Maswali, alikua akidhani "nakuja" ndivyo watu wanavyoaga.

Mkewe alikuwa mwalimu wa hisabati, mwanamke asiyepandisha sauti. Alimwambia mumewe mara ya kwanza kwamba nyumbani wanamkosa, akamwambia mara ya pili. Mara ya tatu hakumwambia yeye. Jumamosi moja, saa nne asubuhi, alipiga simu ofisini kwa mumewe.

"Nina lifti imekwama," alimwambia mpokea simu.

"Pole sana, mama. Kuna watu ndani?"

"Wawili. Mtu mzima na mtoto."

"Jengo la ghorofa ngapi?"

"Halina ghorofa. Wewe andika moja tu, binti yangu."

Fundi alipopewa anwani ya nyumbani kwake mwenyewe alidhani mpokea simu amechanganya mambo. Akauliza tena, akaambiwa ndiyo hiyo hiyo, na mteja ana haraka. Alirukia pikipiki na sanduku lake la vifaa. Alipofika, mkewe alikuwa amesimama mlangoni, anatazama saa ya mkononi.

"Dakika kumi na mbili," alisema. "Kumbe inawezekana."

"Mke wangu, umenitisha!"

"Nimefuata utaratibu. Wateja wako wanakupata kwa namba ile, nami ni mteja."

Fundi alicheka hadi akaegemea ukuta. Kisha Maswali akatokea nyuma ya mama yake na kuuliza, "Baba, hapa kwetu utamaliza saa ngapi?" Kicheko kikamkauka. Akaweka sanduku chini, akaingia, akavua viatu.

"Sikuambii uache kazi," mkewe alisema walipokaa. "Unaipenda, na mimi najivunia. Nataka tu nijue siku zipi ni zetu. Hivi ile lifti ya jengo la mawakili, nani mwingine anaiweza?"

"Hakuna."

"Umelisema hilo kwa kujisifu."

Fundi alitaka kukataa, akashindwa. "Kweli, nimejisifu."

"Na siku ukiugua?"

Fundi alichukua karatasi na kalamu. Hakuwa mtu wa kuacha hitilafu aliyokwisha kuiona. Jumatatu asubuhi aliingia kwa meneja na karatasi aliyoiandika kwa mkono. Simu ya dharura ingekuwa moja, ikipita kwa mafundi watatu kwa zamu. Asiye na zamu hatafutwi.

"Wateja wanakutaka wewe," meneja alisema.

"Wateja wanataka kufika ghorofa ya sita. Hawaulizi ni mkono wa nani umewafikisha. Nipe wiki sita nimfundishe Plaizi."

Plaizi alikuwa fundi mwenzake, dada aliyesomea umeme na ambaye koleo halikumtoka mfukoni. Meneja alikuna kidevu, akakubali kwa majaribio.

Wiki sita zile zilimtoa Fundi jasho kuliko mtambo wowote. Ilibidi aseme kwa mdomo mambo ambayo mikono yake ilikuwa inayafanya yenyewe. Mara kadhaa alimpokonya Plaizi bisibisi, akakumbuka, akamrudishia.

Jumamosi ya kwanza ya mapumziko ilimkuta akipaka rangi chumba cha Maswali. Simu yake ikaita. Alikuwa mlinzi wa jengo la mawakili.

"Fundi, imegoma! Na kuna wakili ndani, anagonga mlango kama ana deni na mimi!"

Mkono wa Fundi ulishafika kwenye ufunguo wa pikipiki. Akaurudisha mkono kwenye brashi.

"Plaizi ndiye yuko zamu. Namba yake nimeibandika mlangoni pako."

"Lakini fundi, wewe ndiye..."

"Anaiweza. Mpigie sasa hivi."

Akakata simu. Baada ya dakika arobaini, Plaizi akampigia.

"Imetembea, kaka. Wakili katoka anacheka. Ila ile swichi uliyoifunga kwa waya nimeihamisha. Ndiyo ilikuwa inasumbua."

Fundi alifungua mdomo amweleze kwa nini aliifunga vile, kisha akaona wazi kwamba hana sababu.

"Umeniumbua," alisema.

"Kidogo tu."

Ilimchoma, asingeweza kudanganya. Lakini alipochovya brashi tena alihisi mabega yamekuwa mepesi, kama aliyetua mzigo aliozoea kulala nao. Akamwita Maswali aje apake upande wa chini, akampa brashi ndogo.

Jumamosi ya tatu zamu ilikuwa yake. Aliondoka mapema, akarudi saa tisa mchana, grisi hadi viwikoni. Hakuna aliyenuna, maana siku ile walishaijua. Mkewe alimsogezea kiti, na Maswali akaketi mbele yake ahadithiwe mwanzo hadi mwisho: nani alikwama, ghorofa ya ngapi, na alilia au hakulia.