Mngurumo wa Gari Jekundu

Salum alikuwa na miaka hamsini na tatu aliponunua gari la mbio. Watu wa mtaa wa Mirongo walikuwa wamemzoea kwenye duka lake la nyavu na kamba za uvuvi, mtu wa kanzu na pikipiki iliyochoka, kwa hiyo walipomwona anashuka kwenye gari jekundu la milango miwili walidhani ameazimwa na mtu. Hakuazimwa. Alikuwa amelitamani gari la namna ile tangu ujana, na sasa binti yake Bushra alikuwa amemaliza chuo na ada zimekwisha, akaona zamu yake imefika.

Mkewe Bimdogo alilitazama siku ya kwanza, akaliinamia, akacheka. "Baba Bushra, hili mtu anapanda au anaketi mkekani?"

Lakini alipanda. Kila Jumapili walikwenda Magu kumwangalia mama yake Bimdogo, aliyevunjika nyonga. Salum aliendesha kioo kimeshushwa na kiwiko kikiwa nje. Bimdogo alifunga cha kwake, maana vumbi la pale Kisesa, kwenye matengenezo ya barabara, lilimharibia mtandio. Baada ya miezi kadhaa gari likaanza kunguruma zaidi. Salum hakushtuka. Alifurahi. Aliamini gari la mbio ndivyo linavyopaswa kusema, na vijana wa bodaboda pale Igoma walipomnyooshea dole gumba, alikanyaga mafuta kidogo ili wasikie vizuri.

Kisha Bimdogo akaanza kuumwa kichwa.

Mwanzoni walisema ni mawazo juu ya mama yake. Halafu kichefuchefu kikaongezeka, na kizunguzungu. Akirudi kutoka Magu alilala hadi kesho yake mchana, na Jumatatu iliyobaki alikuwa mzito kama aliyepigwa. Walipima malaria, hakuna. Presha ikawa sawa, sukari sawa. Ndipo hofu ilipoingia ndani ya nyumba, hofu ambayo hakuna aliyeitaja. Dada yake Bimdogo, Maulida, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma kwa uvimbe wa kichwani, na ugonjwa wake ulianza hivyo hivyo: kichwa, kutapika, usingizi usioisha.

Jumapili moja, wakitoka Magu, walipofika Nyanguge Bimdogo akamshika mkono. "Simamisha." Alishuka, akatapika kando ya barabara, akabaki ameshikilia mlango. Uso wake ulikuwa umepauka. Salum alimpa maji ya kusukutua.

"Na hilo dude lako," alisema Bimdogo kwa sauti ndogo, "kelele zake zinanipasua kichwa."

Wiki ile daktari alimwandikia kipimo cha kichwa katika hospitali kubwa. Siku iliyopangwa ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyofuata. Salum hakulala sawasawa tena. Hakuwa na la kufanya kuhusu kichwa cha mkewe. Lakini kelele aliziweza. Jumamosi asubuhi akalipeleka gari Nyakato, kwa fundi aitwaye Ndalahwa, Msukuma wa makamo anayesifika kwa kutobadilisha kifaa kabla ya kujua kimekosa nini.

"Shikamoo, mzee," fundi alimsalimu.

"Marahaba. Fundi, nataka linyamaze. Jumatatu nampeleka mgonjwa hospitali, sitaki kelele."

Ndalahwa alimwambia awashe, akasikiliza ameinamisha kichwa, akamwambia azime. Akalipandisha kwa jeki, akaliwekea stendi, akajilaza chini na tochi.

"Huku chini naona pazima," alisema. "Lakini sauti inasema pameharibika."

Akaloweka tambara, akaliziba nalo bomba la moshi kwa nyuma, akaomba gari liwashwe tena. Moshi ukikosa njia, hutafuta ufa. Akachukua brashi yenye maji ya sabuni, akapaka sehemu moja baada ya nyingine, hata kule juu ambako jicho halifiki. Ghafla povu likaanza kufura na kupasuka, kufura na kupasuka.

"Zima! Mzee, njoo uone."

Salum alikunja kanzu yake akapiga magoti kwenye oili. Ndalahwa alikuwa ameshika kioo kidogo cha kunyolea ndevu, akamwonyesha upande wa juu wa eksozi, pale bomba linapoingia kwenye lile pipa la bati linalomeza kelele. Ufa ulikuwa umezunguka karibu nusu, mweusi kwa masizi.

"Raba iliyokuwa inalining'iniza imekatika. Pipa limekuwa likitikisika kwenye kila tuta, mpaka bati likachoka. Huo mngurumo ulikuwa ni kilio tu, mzee."

Salum alitabasamu kwa aibu. Ndalahwa alikuwa amekwisha kufungua buti. Alipitisha kidole kwenye raba ya mlango wake; ilikuwa imechanika, na bati lililo karibu nayo limepakwa masizi. Akafungua mlango wa kushoto, akainama kwenye kiti cha abiria, akanusa. Aliposimama hakuwa tena na uso wa utani.

"Hapa anakaa nani?"

"Mama watoto."

"Anafunga kioo?"

"Siku zote. Kwa nini?"

"Mgonjwa wako wa Jumatatu ndiye huyo? Anaumwa nini?"

Salum akamweleza. Kadiri alivyoeleza, ndivyo sauti yake ilivyopungua, kwa sababu alianza kusikia maneno yake mwenyewe: kila Jumapili, baada ya safari, anaumwa, na Jumanne anapata nafuu.

"Mzee, mimi si daktari," alisema Ndalahwa. "Kamwoneni daktari, mwambieni hili. Lakini moshi unatoka kwenye ufa huu, unapanda kupitia buti, unaingia ndani. Ile sumu yake haina harufu wala rangi. Wewe umeokolewa na kioo chako. Shemeji amekuwa akiivuta saa nzima kwenda na saa nzima kurudi."

Salum alikaa juu ya tairi. Alitaka kucheka na alitaka kulia, akajikuta anasema "Alhamdulillahi, alhamdulillahi," huku akijifuta macho kwa mkono wenye oili. Kisha akapiga simu.

"Mama Bushra, ni gari. Ni moshi wa gari!"

Akamsikia Bimdogo akivuta pumzi ndefu, na pumzi ile ikatoka na kilio alichokuwa amekificha kwa wiki nyingi. "Kwa hiyo si kama Maulida?"

"Daktari atatuambia. Lakini fundi ameuona ufa kwa macho yake."

Ndalahwa alitumia siku nzima. Alichomoa waya wa betri, akaishusha eksozi, akaikwangua kwa brashi ya waya hadi bati zima likaonekana. Alitoboa kitundu kidogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia, akauchomelea, kisha akauvika kiraka cha bati nene kwa sababu la zamani lilikuwa limekuwa jembamba kama karatasi. Akafunga raba mpya za kuning'inizia, na raba ya buti. Mwisho akarudia maji ya sabuni. Povu lilikaa tu, halikufura.

Jumatatu daktari alisikiliza hadithi ya gari kwa makini kuliko Salum alivyotarajia. Aliacha kipimo kifanyike. Kichwa cha Bimdogo kilikuwa salama, hakuna uvimbe. "Kaa mbali na moshi," alimwambia, "na umshukuru fundi."

Wiki tatu baadaye, baada ya Salum kwenda na kurudi peke yake mara mbili, vioo vimefungwa, akijipima kama kichwa kitamuuma, Bimdogo alikubali kupanda tena. Gari lilikwenda kimya. Walikula sato kwa mama yake, ambaye sasa alitembea kwa fimbo hadi mlangoni, wakaanza safari ya kurudi jua likiwa bado juu na ziwa likimetameta upande wa kulia.

Karibu na Nyanguge Salum alitazama kando akaona mkewe amelegea, macho yamefumba. Akasimamisha gari vumbini, akamtikisa bega. "Mama Bushra! Mama Bushra!"

Bimdogo akafumbua jicho moja.

"Nimeshiba, Baba Bushra. Niache nilale."