Uso wa Kwenye Kadi ya Misheni

Kitambaa kilikuwa marekani, pamba nyeupe mpya kabisa, na fundi cherehani alikichakaza kwa makusudi. Alikiloweka kutwa nzima kwenye maji ya majani ya chai, akakisugua kwa mchanga, akachana pindo kwa vidole, mpaka kikaonekana kama kimerithiwa na kurithiwa tena. Kisha akakishona kigauni kisicho na mikono, akamvisha binti yake mwenyewe.

"Mama, kinawasha."

"Vumilia. Ni picha tu."

Binti huyo mtaa mzima ulimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Akiamka anaongea, akila anaongea, na bibi yake alikuwa akisema hata usingizini huwa anamalizia habari ya jana.

Picha yenyewe ilikuwa hivi. Misheni ilikuwa inajiandaa kwa jubilei, na sanduku la kadi za posta za zamani lilikuwa limerudi kutoka ng'ambo. Kadi zilikuwa na mapadri wenye ndevu, masista katikati ya watoto, kanisa la kwanza la nyasi. Enzi hizo zilipelekwa kwa wafadhili ili waone sadaka zao zimefanya nini. Katekista ndiye aliyezipanga ukumbini, na moja aliitaka kuliko zote: mtoto wa kike amesimama peke yake kwenye ngazi za kanisa, mguu mmoja ameupandisha juu ya mwenzake. Bahati mbaya ukungu ulikuwa umeula uso. Pale penye uso palibaki doa jeupe, kama sabuni iliyosahaulika majini.

"Ngazi si zile zile?" katekista alimwambia fundi. "Tunapiga upya. Mpiga picha ataifanya kahawia, ataitia mikwaruzo, nani atajua? Anatakiwa mtoto tu. Na wewe mtoto unaye, cherehani unayo."

Fundi alicheka. Kuombwa na misheni kulimkuna mahali pazuri.

"Ila tusimwambie mtu," katekista akaongeza. "Tutaondoa utamu."

Basi mpiga picha akawa anatazama kadi, anamtazama mtoto, anamweka sawa: kidevu chini, mikono nyuma, mguu juu ya mguu. Wakirudi nyumbani fundi akamwambia Chiriku, "Ukimwambia mtu, nakushona mdomo na cherehani hii." Wakacheka wote wawili. Ulikuwa utani.

Sasa mtu atauliza, fundi alisahauje? Maana toka utotoni mwake alikuwa anamsikia mama yake mzazi, huyo huyo bibi yake Chiriku, akisimulia habari ya dada mkubwa aliyepelekwa misheni akiwa mgonjwa. Padri alileta sanduku lenye miguu mitatu, akajifunika kitambaa cheusi, akampiga picha. Kadi ikaenda ng'ambo. Haukupita muda dada akafia pale pale misheni, na nyumbani hakukubaki hata kivuli chake. Kila padri mpya alipofika, mama yake alimwendea na swali lile lile: "Picha ya dada yangu iko wapi?" Lakini habari unayoisikia kila siku ni kama saa ya ukutani. Iko pale inagonga, na wewe husikii tena.

Siku ya kufungua maonyesho, Bibi alikwenda na fimbo yake, Chiriku kamshika mkono. Macho yalikuwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo kila kadi aliikaribia mpaka pua ikagusa, kama mtu anayenusa. Alipofika kwenye ile mpya, iliyokuzwa na kutundikwa mlangoni, fimbo ikamponyoka.

"Dada."

Watu wakageuka.

"Ni yeye! Mguu juu ya mguu! Baba alikuwa anamwambia, wewe siku moja mguu huo utagoma kushuka. Ni yeye, jamani, nimempata!"

Padri, ambaye naye hakuambiwa kitu, alikuja akamshika mikono yote miwili. Kina mama wakapiga vigelegele. Fundi akamtafuta katekista kwa macho, akamkuta anakagua dari.

"Mama," Chiriku akaanza, "lakini ile si ni—"

Fundi akamkamata mkono, akaubana. "Nyamaza."

Safari hii haukuwa utani, na mtoto alilijua hilo.

Bibi akapewa nakala ndogo, akaiweka kwenye kigoda kando ya kitanda. Akawa anaiamkia asubuhi kabla ya kumwamkia mtu. Akaanza kula vizuri, akaanza hata kuimba. Fundi akajiambia: nimemfurahisha mama yangu, ubaya uko wapi? Alijiambia hivyo kila akikaa kwenye cherehani, na cherehani ikamkataa. Mteja mmoja alirudisha sare ya shule, akaitandaza mezani.

"Fundi, mwanangu unamwona ana mikono miwili ya kushoto?"

Lakini yote tisa, kumi ni Chiriku. Mtoto alikauka maneno. Ukimwuliza, "Shuleni vipi?" anajibu, "Salama." Basi. Akawa hataki kuingia chumbani kwa bibi yake, na kwa ukubwa wote ule akaanza kukojoa kitandani.

"Mmemfanya nini mjukuu wangu?" Bibi aliuliza. "Chiriku gani halii? Njoo, mke mwenzangu, njoo umwone bibi yako mkubwa. Mmefanana mpaka nashangaa."

Chiriku akakimbilia uani.

Kisha Bibi akaja na jipya. Padri alikuwa amemwomba Jumapili asimame kanisani, amshukuru Mungu mbele ya watu kwa kumpata dada yake. "Nishonee gauni, mwanangu. Siwezi kusimama na haya matambara."

Fundi akachukua utepe wa kupimia, akauzungusha kifuani mwa mama yake. Mama alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu, na moyo wake ulikuwa unadunda kwa furaha, fundi akiusikia kwenye vidole. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama," akasema taratibu, "Bibi akisema kanisani, Mungu atajua kwamba ni mimi?"

Utepe ukamdondoka fundi. Akapiga magoti pale pale sakafuni, akayasema yote: chai, mchanga, ngazi, mpiga picha, na kule kumbana mtoto mkono. Alisema bila kuinua uso.

"Na ile yenyewe," Bibi aliuliza mwishoni, "iko wapi?"

Fundi alikwenda misheni karibu kukimbia. Katekista akasimama mbele ya kabati.

"Fundi, utaniaibisha!"

"Tutaaibika wote. Nipe kadi."

Aliporudi, Bibi alikuwa bado amekaa vile vile, utepe wa kupimia miguuni pake. Aliipokea kadi, akaisogeza jichoni, akaanza na miguu. Akapanda polepole: magoti, kigauni, mabega. Akafika kwenye doa jeupe, akakaa hapo.

"Huyu ndiye," akasema. "Na uso?"

"Uliliwa na ukungu, Mama."

Bibi akafumba macho.

"Nilikuwa nao," akasema. "Kabla hamjanionyesha ile yenu, nilikuwa nao humu kichwani. Hafifu, kama mtu aliye nyuma ya pazia, lakini wa kwake. Sasa nikifumba macho anakuja Chiriku. Namfukuza, anarudi. Ungenipa hii iliyoliwa tu, mwanangu. Pale palipoliwa ningejaza mwenyewe."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Lakini uso wa dada uko wapi? Kusamehe nimesamehe, na uso siuoni."

Hakupaza sauti. Angepaza, fundi angepata nafuu.

Ile kadi mpya Bibi hakuichana. Alimrudishia fundi, akamwambia ni picha nzuri ya mtoto wake, aitunze. Kisha akapapasa hewani, akiutafuta mkono wa mjukuu.

"Njoo, mke mwenzangu. Wewe huna kosa. Kaa hapa uniambie. Niambie chochote, habari za shuleni, habari za paka, nimekosa kelele zako."

Chiriku akaja, akakaa kando yake. Akafungua mdomo. Halafu, kabla neno halijatoka, akageuka akamtazama mama yake, aone kama anaruhusiwa.

Fundi akamwitikia kwa kichwa, mara nyingi, haraka haraka. Mtoto akaendelea kumtazama.