Vitu vya Watu Nyumbani kwa Kaltumu

Rabia binti Tahiru alipata nafasi katika chuo cha wafamasia cha Nairobi mwanzoni mwa mwaka 1974. Barua ya chuo ilisema mambo mawili: nafasi ingemngoja hadi Jumatatu tarehe 13 Mei, na karo ilipwe kabla ya siku hiyo. Baba yake, dereva wa lori, alikuwa amekufa miaka mitano nyuma. Aliyemlea ni bibi yake, Kaltumu, kule Koboko, aliyeishi kwa kusuka vikapu na kukaanga mandazi. Karo ya mwaka mmoja ilikuwa nje kabisa ya uwezo wao.

Nilimfundisha hesabu kwa miaka minne mjini Arua, na mimi ndiye niliyempa fomu ya mfuko mmoja wa misaada wenye ofisi Kampala. Mfuko huo ulitoa karo yote, au nusu, au haukutoa kitu, kulingana na hali ya nyumbani. Kabla ya kuamua ulituma mtu aione hali hiyo kwa macho yake. Mwezi Machi alikuja Bwana Lino, mtu mpole wa miaka hamsini hivi, mwenye daftari la jalada jeusi. Aliniomba nimwonyeshe njia.

Tulifika Koboko Jumanne tarehe 19, saa nne asubuhi. Nyumba ya Kaltumu nilikuwa naijua: vyumba viwili vya udongo, paa la nyasi, mikeka mitatu. Siku hiyo chumba cha mbele kilikuwa na makochi manne yenye vitambaa vyeupe vya kufuma, kabati la vioo lililojaa vikombe vya maua, zulia jekundu, saa ya ukutani na redio kubwa ya betri. Makochi niliyatambua mara moja. Yalikuwa ya Zubeiri, mwenye duka karibu na soko. Nilikuwa nimeyakalia mwezi wa kwanza, nilipokwenda kumpa pole ya msiba.

Nikakaa.

"Karibu, baba. Kaa hapa, hii iko laini," Kaltumu alimwambia Lino.

"Asante, mama. Hapa mnaishi wangapi?"

"Watano. Leo sisi iko saba, na chakula iko ya watu kumi."

Lino akacheka, akaandika. Kisha akatazama redio. "Hii inashika Nairobi?"

"Inashika dunia yote."

"Tufungulie basi, tusikie habari."

Kaltumu aliitazama redio kama mgeni ambaye hajaambiwa jina lake. "Leo imepumzika," akasema. "Kula kwanza."

Tulikula nyama ya mbuzi na wali. Rabia alitumwagia maji ya kunawa. Nilimtazama mara moja, akaangalia beseni. Mjukuu hamsahihishi bibi yake mbele ya mgeni, na sikutegemea afanye hivyo. Lino alimwuliza kwa nini anataka famasia. Alijibu kwamba dawa ikizidi inaua na ikipungua haiponyi, naye anapenda kazi ambayo kipimo chake hakibishaniwi. Lino aliandika hilo pia, lakini makochi alikuwa ameyaandika kwanza.

Njiani kurudi Arua alisema, "Familia nzuri. Lakini jana kule Ajia nilikaa juu ya debe, mwalimu. Wenye dhiki ni wengi. Hawa labda nusu, au tuwaachie wengine."

Nusu ilikuwa sawa na bure, kwa kuwa nusu ya pili haikuwepo. Nilimwambia bibi yule ni mchapakazi. Ilikuwa kweli, na haikusaidia kitu.

Yaliyotokea Koboko baada ya sisi kuondoka niliyapata kwa Rabia, na baadaye majirani waliyathibitisha. Alisubiri gari lipotee, akamwuliza bibi yake kwa nini.

"Mutu anatoka Kampala kuona mjukuu yangu, akae kwa mkeka kama mutu ya kudai deni?" Kaltumu alisema. "Na nani anasomesha mtoto ya masikini? Wataona nyumba tupu, watasema huyu atashindwa, atarudi njiani. Mimi nimewaonyesha kwamba unatoka kwa watu."

"Haboba," Rabia akasema, yaani bibi kwa Kinubi, "hawa wanasaidia asiye na kitu. Mwenye kitu wanamwacha."

Hilo Kaltumu hakulijua. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Mimi niliyeleta fomu sikumweleza.

Rabia hakulia wala hakumlaumu. Alichana karatasi mbili za daftari, akapiga mistari kwa rula, akaandika juu: "Vitu vilivyoonekana nyumbani kwa Kaltumu, Jumanne tarehe 19 Machi 1974." Kisha yeye na binamu zake walianza kurudisha vitu kama ilivyopangwa, na kila mwenye kitu aliombwa atie sahihi au kidole mbele ya jina lake. Zubeiri alisaini makochi. Sulaimani fundi baiskeli alisaini redio. Hawah, mwenye kabati, vikombe na zulia, alikataa mwanzoni.

"Unataka Kampala ijue bibi yako aliazima sahani? Baada ya hapo atakwenda arusi ya nani?"

"Atakwenda zile zile, mama. Na wewe utamwazima tena."

Hawah alitia kidole.

Kaltumu alikuwa wa mwisho. "Unanivua nguo mbele ya watu," alisema.

"Nataka kidole chako tu, haboba."

Kaltumu alitaka kwanza asomewe karatasi yote. Alisikiliza hadi mwisho, akaamuru uongezwe mstari mmoja, ndipo akatoa kidole.

Jumatano asubuhi nilikuwa nakunywa chai na Lino katika nyumba ya wageni alimolala. Rabia aliingia na vumbi la lori la tumbaku hadi kwenye nyusi. Alisalimu, akabaki amesimama, akatoa karatasi. Lino alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Makochi, manne, ya Zubeiri. Zulia, moja, la Hawah. Vitu kumi na kimoja, wenyewe sita.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, mzee."

"Bibi anajua?"

"Kidole chake kiko chini kabisa."

"Na huu mstari wa mwisho? 'Mbuzi, mmoja, wa Kaltumu mwenyewe.'"

"Alisema bila huo hatii kidole. Ni kweli, alikuwa wake."

"Yuko wapi, nimwandike?"

"Mlimla jana, mzee."

Lino aliweka kikombe chini. Baadaye akanigeukia. "Mwalimu, wewe ulijua?"

"Makochi niliyajua."

"Na unafundisha hesabu."

Msichana wa miaka kumi na tisa alikuwa amefanya kazi yangu, tena kwa mashahidi. Lino alibana karatasi zile kwenye fomu kwa pini. "Siahidi kitu," alimwambia. "Ngoja wiki sita."

Alingoja. Kila Ijumaa nilimtumia neno kwa madereva: bado. Hakutuma swali hata moja. Asubuhi alikaanga mandazi, mchana alisuka. Mjini watu walisema yao. Zubeiri alitangaza dukani kwamba sasa makochi yake yana hati Kampala, hata mke wake hawezi kuyauza. Kaltumu alisikia yote. Kila jioni aliketi mlangoni juu ya mkeka, akasalimu kila apitaye kwa jina, kwa sauti ile ile. Mwezi Aprili palikuwa na arusi mbili. Alialikwa kwa zote mbili, na kwa zote mbili alikwenda.

Barua ilifika kwenye sanduku la shule Alhamisi tarehe 2 Mei. Niliipeleka Koboko bila kuifungua. Rabia alinawa mikono, akaifungua kwa kisu, akaisoma kimya, kisha akarudia kwa sauti akimtafsiria bibi yake kwa Kinubi. Karo yote ya miaka mitatu, chumba na chakula. Nauli na vitabu juu yake mwenyewe.

"Wameandika kwamba sisi ni masikini?" Kaltumu aliuliza.

"Hapana. Wameandika jina langu na tarehe ya kufika."

Kaltumu aliiomba barua. Hakujua kusoma, lakini aliishika wima na kuipitia kutoka juu hadi chini, bila haraka, kama anayeikagua. Kisha akairudisha.

"Kutoka hapa hadi Nairobi ni siku ngapi?" Rabia aliniuliza.

Tukahesabu: lori hadi Arua, basi hadi Kampala, treni, na siku moja ya kuharibikiwa njiani.

"Za kuharibikiwa nitie mbili," alisema.

Alipanga kuondoka Jumanne tarehe 7.