Kwapa la Gauni

Ukitaka kumjua fundi mbovu, tazama kwapa la gauni. Usemi huo ulikuwa wa shangazi, na kwa ulimi wake ule, mafundi wa mtaa mzima walikuwa wakimwona tu wanakumbuka safari. Mwisho kitambaa cha gauni lake la kuvaa kwenye harusi ya bintiye akakipeleka kwa mtoto wa kaka yake, naye fundi cherehani. Damu nzito kuliko maji, alisema.

Fundi alikuwa na siri. Tangu usichana makwapa yake yalikuwa yakitoka majipu: yanavimba, yanapasuka, yanaacha makovu, kisha yanarudi. Daktari wa ngozi alimweleza kuwa ni ugonjwa usio wa kawaida, uvimbe wa pale penye tezi za jasho; hauambukizi, wala hauletwi na uchafu. Lakini kinywa jumba la maneno. Wateja wakisikia watasema haogi, na nani tena atakubali kupimwa naye? Basi nguo zake alizikata kwapa pana, akajinyamazia.

Siku ya kukata gauni la shangazi, akili ikamruka. Akatandika juu ya kitambaa karatasi ya vipimo vya gauni lake mwenyewe, lenye kwapa pana. Aligundua kosa shangazi akiwa tayari nyuma ya pazia, analijaribu gauni. Akangoja matusi yaje.

Pazia likafunguka. Shangazi alikuwa na machozi.

"Nani kakwambia?"

Fundi akaona maji yamezidi unga. "Hakuna, shangazi. Ni majipu tu ya kwapani, naapa naoga, hata daktari kasema..."

"Majipu ya nani?"

"Yangu."

Shangazi akajibwaga juu ya marobota ya vitambaa. "We mtoto! Mi nilidhani umejua yangu."

Kumbe mafundi wote wale walitukanwa kwa maumivu. Kila kwapa lililobana lilimchoma kama moto, na shangazi aliona heri aitwe mkorofi kuliko kusema anaumwa wapi. Fundi alimhurumia, halafu akacheka, na shangazi akacheka hadi akakohoa.

"Huyo daktari, kesho tunaenda wote," shangazi alisema.

"Wakituuliza tunaenda kutibiwa nini?"

Shangazi akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, akajigeuza mbele ya kioo.

"Tutawaambia makwapa. Atakayecheka, mlete hapa umshone mdomo."