Barafu ya Mama Kahonzi

Mimi sikukulia juu ya baiskeli. Nimezaliwa Nyeri, mahali ambapo ukiiachilia baiskeli inajiendea yenyewe mpaka kwa jirani, na ukiitaka irudi unaibeba begani. Kuendesha nilifundishwa Malindi, mtu mzima na ndevu zangu, na mwalimu wangu alikuwa Fondo, mtoto wa Mama Kahonzi wa Ngomeni.

Kazi yetu ilikuwa kubeba barafu. Unachukua bonge kiwandani Malindi, kubwa kama mto wa kulalia wa mtu mnene, unalizika ndani ya unga wa mbao, unalivika magunia mawili, unalifunga nyuma kwa mpira wa tyubu, kisha unakanyaga hadi Ngomeni kwa wavuvi kabla jua halijakula nusu yake. Ilikuwa kazi ya watu ambao hawana nyingine. Mimi sikuwa nayo nyingine. Mama Kahonzi alinikuta nimelala kwenye baraza ya duka, siku ya tatu bila kula, akanitazama akasema, "Huyu mbara anakausha meno bure, mpeni wali." Tangu siku hiyo nilikuwa mtoto wake, kama alivyosema mwenyewe, wa bei rahisi.

Fondo alinifundisha mengi. Kula kwanza. Kagua breki kwa mkono, usizikague kwa macho. Weka kipande cha mpira wa tairi chini ya gunia, maji yasidondoke kwenye rimu, maana rimu iliyolowa haishikiki na breki. Mdomo wa gunia uelekee kushoto, maji yadondoke upande ule, mbali na mnyororo. Sisi sote tulifunga kushoto, ukitazama vumbi unaona alama ya tairi na matone pembeni yake, kushoto. Fondo peke yake alifunga kulia. Alikuwa wa shoto, kamba zake zote zilikwenda kinyume.

Na alisema, "Mteremko wa Sabaki, ukiwa na barafu, unashuka chini unatembea. Haijalishi umechelewa kiasi gani."

Alisema hivyo kisha yeye mwenyewe akaushuka amekaa, kila siku, akiimba. Kufundisha alijua. Siku moja mwaka wa 1983 breki hazikushika. Tulimzika jioni ile ile, kwa sababu ya joto, na kwa sababu uso wake haukuwa wa kungojewa. Kaka yake Karisa, aliyekuwa akifanya kazi ya reli Voi, alifika kesho yake akakuta udongo umekwisha kupigwa maji. Alikaa juu ya kaburi mpaka jua likazama, hakumsemesha mtu. Hapo ndipo Mama Kahonzi alipotamka mbele ya wazee wote: "Mimi nisifukiwe kabla Karisa hajaniona uso. Mkinifukia, nitawasumbua."

Wazee walicheka. Mimi pia nilicheka.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, nilikuwa natoka Jilore na magunia mawili ya makaa. Siku iliyotangulia nilikuwa nimekwenda Adu na kurudi. Usiku sikulala zaidi ya saa mbili, nyumba yangu ilikuwa na kunguni wenye bidii. Mwambire, mzee aliyekata barafu pale kiwandani, alisimama katikati ya njia akanyoosha mkono.

"Shuka, Thuku."

"Shikamoo mzee. Nikishuka sipandi tena, magoti yamegoma."

"Marahaba. Shuka tu." Hakunitania, na Mwambire alikuwa mtu wa kutania hata msibani. "Mama Kahonzi hatunaye. Alfajiri. Dereva wa lori la chumvi ndiye kaleta habari, yeye anashuka Mombasa. Karisa amepigiwa simu ya reli, atafika kesho."

Nikashuka.

"Wazee wamesema hivi," akaendelea. "Barafu ikifika kabla ya alasiri, anangojwa. Isipofika, anazikwa leo. Basi la Lamu limekwisha pita. Lori hakuna mpaka kesho. Nani mwingine ana baiskeli na kichaa?"

"Kichaa ninacho," nikasema. "Nipe bonge."

Alinipa kubwa kuliko yote, akalifunika yeye mwenyewe kwa unga wa mbao. Mimi nilifunga kamba. Sikula. Breki nilizitazama kwa macho. Na kile kipande cha mpira, kilichokaa chini ya gunia miaka miwili bila kukosa, nilikiacha juu ya jiwe, karibu na makaa yangu.

Nimeshaulizwa mara nyingi nilianza kuona mambo yale lini. Nilianza baada ya mji kuisha, pale njia inapokuwa ya vumbi jekundu. Nilikuwa nalala huku nimefumbua macho. Gurudumu la mbele lilikuwa linaniamsha kwa kwenda majanini, narudi, nalala tena. Katika kuinama vile nikayaona chini matone ya maji.

Nikadhani ni yangu. Lakini yangu yako nyuma, mtu hatangulii maji yake mwenyewe. Haya yalikuwa mbele yangu, mabichi, kila moja na kitundu chake kwenye vumbi, na punje za unga wa mbao pembeni. Jua la saa tano Malindi linakausha tone kabla hujamaliza kupiga chafya. Kwa hiyo aliyeyadondosha alikuwa mbele hatua chache tu, na njia ile ni nyoofu. Nikainua kichwa. Hapakuwa na mtu. Kuku mmoja, na mbuzi amefungwa.

Nikafurahi kidogo, nasema kweli. Nikafikiri Mwambire ametuma mwenzangu, basi mzigo ni wa watu wawili. Nikapiga kengele. Nikakaza miguu nimpate.

Baadaye ndipo nikatambua matone yako upande gani. Alama ya tairi ilikuwa moja, safi, na matone yalikwenda nayo pembeni, kulia.

Nikajiambia, Thuku, una njaa. Mtu mwenye njaa huona mengi. Nikasugua macho, nikatazama tena, yakawa kulia vile vile. Joto lote lile, na nywele za mikono zikanisimama. Kwenye miti hapakulia ndege hata mmoja.

Nikafika juu ya mteremko wa Sabaki. Chini nililiona daraja, na mto umejaa tope. Nikapiga hesabu. Nikiushuka nimekaa, dakika mbili. Nikitembea na mzigo ule, karibu nusu saa, na ng'ambo kuna kupanda. Alasiri haikuwa ikinisubiri. Nikaona uso wa Karisa juu ya kaburi la mdogo wake. Nikainua mguu niisukume ile pedali.

Na pale pale, mbele ya gurudumu langu, alama ya tairi ikabadilika. Pembeni yake zilianza nyayo. Mtu alikuwa ameshuka, upande wa kulia wa baiskeli kama mtu wa shoto, na visigino vyake vilichimba vumbi kwa kina, kama mtu anayezuia kitu kizito kisimponyoke. Nyayo ziliteremka polepole, hatua fupi fupi, mpaka nisipoweza kuziona.

"Umejifunza," nikasema kwa sauti. "Umechelewa tu."

Utani ule ulinitoka bila ruhusa, ndiyo dawa yangu ya hofu. Lakini nilishuka.

Hatua ya tatu nikabana breki. Ya nyuma ilikuwa imeloa chapa, ikateleza kama sabuni. Ya mbele haikujibu kabisa: chuma chake kilikuwa kinaning'inia, nati imeanguka, sijui toka Jilore au toka Adu. Bonge lile likanisukuma. Nikachimba visigino ndani ya zile nyayo, ndiyo, ndani yake hasa, maana ndipo mahali pekee palipokuwa pamekwisha kuchimbwa, nikailaza baiskeli kwenye ukingo wa udongo mpaka ikasimama. Kiatu kimoja kilibaki na upande mmoja. Nilikaa chini nikihema, nikiwaza ningekuwa wapi kama ningekuwa nimekaa kwenye kiti.

Nilishuka vivyo hivyo, hatua kwa hatua, nikiegemeza mzigo ukingoni. Katikati ya mteremko, pale tulipomwokota Fondo, nyayo zilisimama. Matone yalikuwa yamekusanyika yakawa kidimbwi kidogo, kama baiskeli imesimama hapo muda mrefu na mwenyewe akitazama kitu. Kidimbwi kilikuwa baridi. Nilikigusa, nami sijui kwa nini nilikigusa.

Ndipo nikasikia kule chini mlio wa gurudumu la nyuma linapozunguka bila kukanyagwa: tiki, tiki, tiki, tiki. Ulikuwa juu ya daraja. Daraja lote nililiona, mwanzo hadi mwisho, na lilikuwa tupu. Mlio ukavuka, ukapanda ng'ambo, ukapotea.

Pale mtoni nilifanya yote aliyonifundisha, nikiwa nimechelewa kama yeye. Nilikula muhogo uliokaa mfukoni tangu jana. Nilinawa uso. Nilikata kile kiatu kilichokufa, ulimi wake nikauweka chini ya gunia ukinge rimu. Breki ya mbele nikaifunga kwa waya wa ua wa mtu, Mungu amrudishie. Nikaisukuma baiskeli mpaka juu, nikapanda.

Mambrui nilipita bila kumsalimu mtu, jambo la aibu. Kabla ya Gongoni mnyororo ulikatika, nikaupiga kwa jiwe mpaka ukashikana, vidole viwili navyo vikashikana nao. Nikitazama kivuli changu nikajua alasiri imefika, na safari bado.

Kisha mashamba ya chumvi. Aliyepita pale jua likiwa juu anajua, ni weupe mtupu, na mazigazi yanachezea macho, unaona maji ambayo hayapo. Ndani ya maji yale nilimwona mtu juu ya baiskeli, mbali, na mzigo nyuma. Alikuwa akienda lakini magoti yake hayakupanda wala kushuka.

Nikaita, kwa ule ujinga wangu, "Fondo, ningoje basi tugawane mzigo."

Akasimama.

Nimetania polisi, nimetania mapadri, sijapata kujuta kwa utani kama siku ile. Mimi nikasimama, yeye amesimama. Hakugeuka. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mzigo wake. Kwa umbali ule nisingeweza kuyaona, lakini niliyasikia. Nikajikaza nikakanyaga mara moja. Naye akaenda. Hivyo ndivyo tulivyovuka weupe ule, mimi nikienda anaenda, mimi nikipumzika anapumzika, hadi minazi ya kwanza ya Ngomeni, akaingia katikati ya vigogo asitokee.

Nilifika jua limeshaelekea kuzama. Bonge lilibaki nusu. Nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno ya kuwaomba wazee radhi, na nilitazamia kukuta kaburi limejazwa. Hapakuwa na kaburi. Wanawake walikuwa wakipika. Zipporah, binti yake Mama Kahonzi, alitoka mlangoni kanga imefungwa kiunoni, macho mekundu.

"Mbona umerudi?" akasema. "Umesahau nini?"

"Nimerudi wapi, dada? Ndiyo kwanza nafika."

"Thuku, leo si siku ya mizaha." Alitazama gunia, akatazama miguu yangu, mmoja una kiatu na mmoja hauna. "Si uliingia mlango wa nyuma wakati tuko kisimani? Nimesikia baiskeli ikiegemezwa ukutani. Nimesikia na maji. Nilipoingia mkeka umelowa, na mama baridi kabisa, uso wake umetulia. Wazee walikuja alasiri kumchukua. Mzee Gona akamgusa shavu, akasema huyu anaweza kungoja. Wakaondoka."

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Ukutani palikuwa na alama mbichi ya usukani. Chini, matone yalitoka mlangoni yakaenda kwenye minazi, kulia kwa alama ya tairi.

Zipporah alikuwa amenifuata. Aliyaona. Alikuwa dada yake Fondo, alijua mdogo wake alifungia kamba upande gani. Aliniangalia nami nikamwangalia.

"Leta hiyo uliyo nayo," akasema polepole. "Usiku bado mrefu."

Tukaiweka chini ya kitanda.

Karisa alifika kesho yake saa saba, begi mkononi na vumbi la Voi mpaka kwenye kope. Hakuna aliyemzuia. Aliingia peke yake. Alikaa humo muda ambao wali ungeiva, na alipotoka alikuwa analia kama watu wanavyolia, kwa sauti, na hiyo ilikuwa afadhali kuliko kimya kile cha mwaka wa themanini na tatu. Mama Kahonzi akazikwa jioni, bila kumsumbua mtu.

Baada ya mazishi Karisa alinikuta nikikaza nati ya breki mpya.

"Wameniambia barafu umeleta wewe, ndugu yangu," akasema. "Peke yako, njia yote ile, na baiskeli mbovu."

"Tulileta," nikasema.

"Wewe na nani?"

Nikavuta breki kwa mkono, nikaona imeshika.

"Na mtu mmoja wa shoto," nikasema. "Siku hizi anashuka."